Nyumba, Rehani na Riba katika Mji wa Tabora

Mji wa Tabora umeandikwa mara nyingi kwa ajili ya pembe za ndovu, watumwa, vita vya Mirambo na safari za Wazungu. Ni mara chache umeandikwa kwa ajili ya nyumba zake. Hata hivyo, mtu atakayo kuufahamu mji huu hawezi kuziacha nyumba pembeni, kwa sababu ndizo zinazoonyesha jambo moja la ajabu katika historia yake. Watu walioufanya Tabora kuwa mji mkubwa wa bara waliishi kwa mkopo: nguo walizovaa, shanga walizouza na bunduki walizobeba zilikuwa mali ya matajiri wa pwani. Lakini nyumba walizolala hazikujengwa kwa mkopo. Makala haya yanakusudia kueleza sababu za jambo hilo, na kuonyesha jinsi sababu zile zilivyodumu, kwa sura mbalimbali, tangu siku za misafara hata zama zetu. Kadhalika yatachunguza maneno machache ya fedha na nyumba, kwa kuwa katika maneno hayo historia imejihifadhi vizuri kuliko katika vitabu vingi.

Tembe na ardhi ya mtemi

Waarabu wa pwani walipofika Unyamwezi walikaa kwanza mahali mbalimbali. Inakubaliwa kwa jumla kuwa ni karibu na mwaka wa 1852 ndipo Snay bin Amir, Mwarabu, na Musa Mzuri, Mhindi, walipojenga mahali ambapo Burton na Speke walipaita Kazeh. Wazungu hao wawili walifika huko mwezi wa Novemba 1857, wakakuta visima vimechimbwa, bustani zimelimwa, na nyumba kubwa za udongo zimesimama mbalimbali, kila moja na eneo lake. Kwa hiyo mji wa kwanza haukuwa mji wa mitaa iliyobanana. Ulikuwa ni mkusanyiko wa makao ya watu wenye mali, na katikati yao vijiji vya Wanyamwezi.

Nyumba hizo ziliitwa tembe. Tembe ni nyumba ya pembe nne, kuta zake za miti na udongo, na paa lake ni la bapa, la boriti zilizofunikwa udongo. Ndani yake mna ua, na vyumba huuzunguka ua huo. Umbo hili ni la wenyeji wa nchi za kati, wala halikuletwa na Waarabu; wao waliliongezea baraza mbele, mlango mzito na ghala za kuwekea bidhaa. Basi tembe la Tabora lilikuwa ni nyumba, ghala na ngome kwa pamoja. Vifaa vyake vyote vilipatikana karibu: udongo, miti na kamba. Kilichohitajiwa ni mikono ya watu, na mikono hiyo kwa sehemu kubwa ilikuwa ya watumwa, ambao hawakulipwa. Hapo tunapata sababu ya kwanza ya kujenga bila mkopo: fedha ilihitajiwa kwa kile kilichotoka mbali, na nyumba haikutoka mbali.

Sababu ya pili ni ardhi. Waarabu walikaa kwa idhini ya mtemi wa Unyanyembe. Katika siku za Fundikira, aliyefariki mwaka wa 1858, mapatano hayo yaliwafaa wote wawili. Mrithi wake, Mnywa Sere, alipotaka kuwatoza wafanya biashara kodi, pakatokea ugomvi. Waarabu wakamsaidia Mkasiwa akatawazwa mahali pake, na Mnywa Sere akapigana nao mpaka alipouawa mwaka wa 1865. Vita hivyo huelezwa kuwa ni vita vya ushuru, na ni kweli. Lakini ndani yake mlikuwa na swali la kiwanja pia. Mwenye tembe aliimiliki nyumba yake, bali nchi ilikuwa ya mtemi. Aweza kuuza miti na milango, aweza kumrithisha mwanawe. Lakini kukaa kwake kulitegemea amani baina yake na ikulu ya mtemi.

Yafaa tukumbuke pia kuwa nyumba ya Tabora ya wakati ule ilikuwa ni heshima ya mwenyeji kabla haijawa chumo lake. Burton na Speke walipewa nyumba ya kukaa. Stanley alipofika mwezi wa Juni 1871, Said bin Salim, aliyekuwa liwali, alimpokea na kumpa tembe huko Kwihara. Na ni katika tembe hilo alipokaa Livingstone mwaka wa 1872, akisubiri wapagazi, mpaka alipoondoka mwezi wa Agosti kwa safari yake ya mwisho.

Mali ya mkopo

Sasa tutazame mkopo wenyewe. Njia ya kati ilianzia Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe, na kutoka hapo ikaendelea hadi Ujiji, au ikageuka kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Mwenye msafara alihitaji nguo, shanga na waya za shaba za kutosha kununulia pembe, kulipia chakula, na kutoa hongo njiani. Neno hili hongo linastahili kuangaliwa. Katika safari za wakati ule maana yake ilikuwa ni ushuru wa halali aliodai mwenye nchi kwa kupitisha msafara. Leo maana yake ni rushwa. Neno limeshuka cheo kwa kuwa wenye nchi walioitoza walinyang'anywa mamlaka yao.

Mali hiyo yote ilitolewa Unguja kwa mkopo. Nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, ambayo Ladha Damji aliisimamia kwa miaka mingi, ndiyo iliyokodi forodha ya Sultani na kuwakopesha wengi; na baadaye Tharia Topan akawa tajiri mkubwa wa misafara. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, katika maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili, ambayo Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki iliyachapisha mwaka wa 1958 na 1959 pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley, anaeleza wazi jinsi alivyokopa na jinsi alivyokuwa na shughuli na Tharia. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa na makao yake karibu na Tabora, na alioa katika ukoo wa mtemi. Jambo hili latuonyesha njia mbili za kuaminika: huko Unguja kwa deni lililolipwa vema, na huku Tabora kwa ndoa.

Mkopeshaji wa Unguja alijua kuwa mali yake haitarudi upesi. Msafara waweza kukaa bara mwaka mmoja, au miwili, au zaidi. Njia yaweza kufungwa kwa vita, kama ilivyofungwa na Mirambo tangu 1871 mpaka 1875. Na mdeni mwenyewe aweza kufa, au kukaa moja kwa moja asirudi. Kwa hiyo bei ya mkopo ilipandishwa kwa kadiri ya umbali na hatari. Tena, kwa kuwa sheria ya dini ya Kiislamu yakataza riba, faida hiyo mara nyingi haikuonekana kwa jina lake, bali ilikuwa ndani ya bei: nguo ya fedha taslimu bei yake nyingine, na nguo ya mkopo bei yake nyingine. Msemo wa wahenga, kukopa harusi, kulipa matanga, ungefaa sana kuandikwa juu ya mlango wa kila tembe la Kwihara.

Rehani na bei ya khiyari

Mkopeshaji hutaka kitu cha kushika. Kwa kitu kidogo Kiswahili kina neno poni. Kwa mali kubwa kina rehani, kutoka Kiarabu. Lakini katika Unguja ya karne ya 19 ilienea pia namna nyingine, iitwayo bei ya khiyari. Mdeni humwuzia mwia nyumba yake au shamba lake la karafuu, kwa sharti kuwa akirudisha fedha katika muda uliowekwa, mali itamrudia. Katika muda huo muuzaji huendelea kukaa mumo humo, lakini sasa kama mpangaji, akimlipa mnunuzi kodi. Kwa jina hapana riba, hapana ila kuuza na kupanga. Kwa hesabu, kodi ile ndiyo riba. Nyaraka za mapatano ya namna hii zimehifadhiwa kwa wingi huko Zanzibar, na wataalamu wamezitumia kueleza jinsi mashamba na nyumba za kisiwani zilivyofungamana na pembe za bara.

Hapa ndipo tunapofikia kiini cha jambo. Nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe na shamba la mikarafuu viliweza kushikwa, kuuzwa na kukodishwa na mwia aliyekaa papo hapo, mbele ya kadhi au balozi. Tembe la Tabora halikufaa kwa kazi hiyo. Lilikuwa mbali, kwa mwendo wa miezi. Kuta zake zilihitaji kukandikwa kila baada ya mvua. Na kiwanja chake kilikuwa cha mtemi. Mwia wa Unguja angefanya nini nalo? Basi mkopo uliipita nyumba ya Tabora kama msafara upitavyo kisima kikavu. Dhamana ya mtu wa Tabora ilikuwa ni pembe zake na jina lake.

Neno kodi

Mwaka wa 1890 Emin Pasha alipandisha bendera ya Kijerumani Tabora, na mwezi wa Januari 1893 mtemi Isike, aliyekataa kutii, alikufa ndani ya ngome yake iliposhambuliwa na Tom von Prince. Tangu hapo nchi ikawa na mwenyewe mwingine.

Serikali ya Kijerumani ilitoa amri ya kodi ya nyumba mwaka wa 1897, ikaanza kutozwa mwaka wa 1898, kwa kiasi cha rupia 3 kwa kibanda cha shamba. Hii ilikuwa mara ya kwanza nyumba ya mtu wa kawaida kuandikwa katika daftari kama kitu chenye thamani ya fedha. Lakini iliandikwa ili itozwe, wala haikuandikwa ili imsaidie mwenyewe kukopa. Katika Kiswahili neno kodi lilikwisha kuwa na maana ya malipo ya kukalia au kutumia kitu cha mtu. Sasa likabeba mizigo miwili: kodi anayoidai serikali, na kodi anayoidai mwenye nyumba. Hata leo mtu akisema kodi ya nyumba, msikilizaji hana budi kuuliza ni ipi. Utata huu una maana yake. Katika fikra ya mlipaji, wote wawili walikuwa ni wenye nchi, na yeye alilipa ili aachwe akae.

Wakati huo huo misafara ilikuwa ikifa. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka wa 1901, sehemu kubwa ya biashara ya ziwa iliiacha njia ya Tabora. Ndipo reli ya kati, iliyoanzwa Dar es Salaam mwaka wa 1905, ilipofika Tabora mwaka wa 1912 na Kigoma mwaka wa 1914. Bati, saruji na misumari vikawa vinafika kwa gari, na nyumba ya paa la mgongo ikaanza kushinda tembe. Katika vita vya kwanza vya dunia mji huu hata ulitoa fedha yake wenyewe: mwaka wa 1916 karakana ya reli ilipiga sarafu za dhahabu za rupia 15, kabla Wabelgiji hawajauteka mji mwezi wa Septemba mwaka ule ule. Kwa muda mfupi fedha ilizaliwa Tabora. Baada ya hapo ikarudi kuwa kitu kinachotoka pwani.

Sheria za mwaka wa 1923

Serikali ya Kiingereza ilitunga sheria mbili mwaka wa 1923 ambazo, zikisomwa pamoja, zinaeleza mengi. Ya kwanza ilikuwa Sheria ya Ardhi, iliyoifanya ardhi ya Tanganyika kwa jumla kuwa ya umma chini ya mamlaka ya Gavana. Mtu alipewa haki ya kuikalia kwa muda usiozidi miaka 99. Ya pili ilizuia mikopo kwa wenyeji: mfanya biashara aliyemkopesha Mwafrika bila ya idhini ya maandishi ya serikali hakuweza kumdai mahakamani. Kusudi lililotajwa lilikuwa ni kumkinga Mwafrika asizame katika madeni. Lakini kinga hiyo ilikuwa pia ukuta. Aliyekwisha kukatazwa kudaiwa amekwisha kukatazwa kukopeshwa.

Mji nao uligawanywa. Tabora, kama miji mingine, ikawa na Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na kila sehemu ilikuwa na kanuni zake za ujenzi na muda wake wa kukalia kiwanja. Uhindini nyumba za maduka zilijengwa kwa vifaa vya kudumu juu ya viwanja vilivyopimwa, na zilifaa kuwekwa rehani. Uswahilini mtu alipewa kiwanja kwa muda mfupi, akajenga ile nyumba tuijuayo sote: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, baraza mbele na ua nyuma. Nyumba hiyo ilikuwa na akili yake ya uchumi. Mwenyewe alijenga chumba kimoja au viwili, akahamia, akapangisha, na kwa kodi ya chumba cha kwanza akajenga cha tatu. Kwa maneno mengine, mpangaji ndiye aliyekuwa benki yake. Mitaa kama Kanyenye, Gongoni, Isevya na Ng'ambo haiwezi kueleweka bila kanuni hii.

Benki ya nyumba na mwisho wake

Baada ya Uhuru serikali ilikusudia kuuondoa ukuta huo. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka wa 1962. Mwaka wa 1963 umilikaji wa ardhi wa milele uliachwa, na ardhi yote ikawa ya kukaliwa kwa muda na kwa masharti. Azimio la Arusha la mwaka wa 1967 likawakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha, na mwaka wa 1971 serikali ikatwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Mwenye nyumba, aliyekuwa mtu wa kuheshimiwa, akaonekana mnyonyaji.

Pamoja na hayo, serikali ilitaka mfanyakazi na mkulima wajenge. Kwa sheria ya mwaka wa 1972 iliundwa Benki ya Nyumba ya Tanzania, iliyoanza kazi mwaka wa 1973, ikatoa mikopo kwa riba iliyopunguzwa makusudi. Hii ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu wa kima cha chini kusikia kuwa nyumba yaweza kukopewa. Lakini katika miaka ya 1980 mfumuko wa bei ulifika karibu asilimia 30 kwa mwaka, na riba ya benki ilikuwa chini sana ya hapo. Aliyekopa na kuchelewa kulipa alipata faida. Aliyeweka akiba alipata hasara. Na nyumba ya mdeni asiyelipa haikuwa rahisi kuuzwa. Benki ilifungwa mwaka wa 1995. Funzo lake ni la kusikitisha: riba iliyo juu humfukuza mkopaji, na riba iliyo chini mno huiua nyumba ya fedha yenyewe.

Riba ya zama zetu na matarajio yake

Sheria ya Ardhi ya mwaka wa 1999, ikarekebishwa mwaka wa 2004, na sheria ya mikopo ya nyumba ya mwaka wa 2008 zilimpa mkopeshaji njia iliyo wazi ya kushika rehani, na wakati huo huo zikamkinga mwenzi wa ndoa, asije akaona nyumba anayokaa imewekwa rehani bila ridhaa yake. Mwaka wa 2010 likaanzishwa shirika la kuyapa mabenki fedha za muda mrefu kwa ajili ya mikopo ya nyumba. Pamoja na juhudi hizo, katika miaka ya mwanzo ya 2020 mikopo yote ya nyumba nchini haikufikia asilimia 1 ya pato la taifa, na riba yake kwa jumla ilikuwa kati ya asilimia 15 na 19.

Tufanye hesabu ndogo. Mtu akikopa shilingi 20,000,000 kwa miaka 15 kwa riba ya asilimia 17, atalipa karibu shilingi 308,000 kila mwezi, na mwisho wa yote atakuwa amelipa zaidi ya shilingi 55,000,000. Kwa riba ya asilimia 12 angelipa shilingi 240,000 kwa mwezi, na jumla yake ni kama shilingi 43,000,000. Tofauti hii ya zaidi ya shilingi 12,000,000 ni nyumba ndogo nyingine iliyomezwa na riba. Ndiyo maana watu wengi wa Tabora bado hujenga tofali kwa tofali, kwa upatu, kwa vyama vya akiba na kwa kodi ya chumba cha kwanza.

Je, matarajio ni yapi? Mwezi wa Januari 2024 Benki Kuu ilianza kuongoza sera ya fedha kwa kutangaza riba yake, ikaanza na asilimia 5.5, mwezi wa Aprili mwaka ule ikaipandisha hadi 6, na mwezi wa Julai 2025 ikaishusha hadi 5.75. Wengi huyatazama mabadiliko haya kwa matumaini. Lakini msomaji wa historia ya Tabora ataitazama zaidi nafasi iliyopo baina ya asilimia hiyo ndogo na ile kubwa aliyotozwa mjenzi. Nafasi hiyo haiwezi kujazwa na robo ya asilimia inayopungua. Ndani yake mna gharama za benki, mna uchache wa akiba za muda mrefu, na mna hofu ile ile ya Ladha Damji na Tharia Topan: mali iko mbali, hati haina uhakika, na mdeni hashikiki. Kila kiwanja kinachopimwa na kupata hati hupunguza sehemu ya hofu hiyo. Na kila mtaa unaojengwa kabla ya kupimwa huiongeza.

Jambo jingine ni reli mpya. Mikataba ya kuipitisha reli ya kisasa Tabora, kutoka Makutupora na kuelekea Isaka na Kigoma, ilitiwa saini mwaka wa 2021 na 2022. Mwaka wa 1912 reli ilibadilisha paa za nyumba za Tabora, lakini haikubadilisha namna ya kuzilipia, kwa sababu sheria ilimtenga mwenye nyumba na mkopo. Safari hii kizuizi hicho cha sheria hakipo. Hatari yake ni nyingine: bei ya viwanja yaweza kupanda kabla mwenyeji hajapata hati, na faida ikaenda kwa yule aliyekwisha kuwa na fedha taslimu.

Hitimisho

Tumeona kuwa ardhi ya Tabora imekuwa chini ya mtemi, kisha Gavana, kisha Taifa. Na katika kila zama mwenye nyumba alimiliki kuta kwa uhakika kuliko alivyomiliki kiwanja. Tumeona pia kuwa bei ya fedha daima ilipangwa mwisho wa njia, Unguja kwanza na Dar es Salaam baadaye, nayo ikapandishwa kwa umbali na mashaka. Mambo haya mawili yakikutana ndiyo yanayoeleza kwa nini mji uliokopa sana kwa biashara ulikopa kidogo kwa makazi.

Imebaki kazi kwa wataalamu wa lugha. Maneno rehani, poni, dhamana, mwia, kodi na riba yamesafiri njia ile ile ya Bagamoyo na Ujiji, na kila moja limebadilika kwa kupita mikononi mwa watu wengi. Katika nyumba za zamani za Tabora wako wazee wanaoyatumia kwa maana ambazo hazimo katika kamusi zetu. Yafaa maneno hayo yakusanywe pamoja na hati za nyumba zinazoyataja, maana nyumba za udongo hazidumu, na makaratasi yaliyomo ndani yake hayadumu zaidi yake.